Springi Mpya, Breki Dhaifu: Pikapu Kuukuu na Kazi ya Kuvuta Tela

Baada ya kuongezewa springi, pikapu yangu, Toyota Hilux kuukuu, ilianza kubeba vizuri na kusimama vibaya. Ilinichukua karibu miezi miwili kuyaunganisha mambo hayo mawili. Kila fundi niliyempelekea alizikagua breki, na breki zenyewe zilikuwa nzima: breki shuu bado nene, masta silinda haivuji, mafuta ya breki yako kwenye kipimo. Aliyeliona tatizo ni mzee mmoja wa Buguruni. Alijilaza chini ya gari, akaomba tochi, akakaa kimya kidogo, kisha akaniita.

"Mwanangu, njoo uone. Gari lako linadhani halina mzigo."

Hilux za kizazi hicho, zile za miaka ya tisini, nyingi zina valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesisi juu kidogo ya difu ya nyuma. Kutoka kwenye valvu hiyo kunashuka kijiti cha chuma kilichoshikana na ekseli. Gari likiwa tupu, chesisi iko juu, na valvu inapunguza nguvu ya breki inayokwenda nyuma. Inafanya hivyo kwa sababu bodi tupu haiyakandamizi matairi ya nyuma. Ukiyapa breki kamili yanajifunga, na barabara ikiwa na maji gari linageuka kutazama lilikotoka. Ukipakia, springi zinalala, chesisi inashuka, kijiti kinaisukuma valvu, na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi. Kifaa hiki hakina waya hata mmoja. Kinaupima mzigo kwa njia moja tu, nayo ni kuona gari limeshuka kiasi gani.

Fundi aliyenifungia springi aliongeza bapa mbili kila upande. "Kaka, hapa umemaliza kazi," aliniambia huku akijifuta mikono. "Hata ukipakia tani mbili, haishuki." Na kweli haikushuka. Nilikuwa nafunga tela, napakia bodi, na nyuma ya gari inabaki imenyanyuka kama ilivyotoka gereji. Kijiti hakikusogea. Valvu ikaendelea kuzibana breki za nyuma kana kwamba natoka dukani na mkate mmoja, na kazi yote ikaangukia breki za mbele.

Maneno ya mzee yule yalinifanya nilitazame upya gari zima. Pikapu kuukuu haina kompyuta, lakini ina milango yake ya fahamu: valvu hiyo, themostati, mfuniko wa rejeta, geji ya joto, taa ya mkanda wa taiming. Ndivyo vinavyoliambia gari, na kumwambia dereva, kwamba kazi imezidi. Na mengi tunayoyafanya gereji zetu kuliimarisha gari yanaifunga milango hiyo. Anayebeba viroba vya simenti viwili vitatu huenda asilione hilo mpaka gari liishe. Anayevuta tela ataliona mapema sana.

Nguvu ya kuvuta na nguvu ya kusimama

Wenye pikapu tukikutana, swali la kwanza huwa ni la injini. 2L? 3L? 5L? Hayo ni majina ya injini za dizeli za Toyota, si ujazo wa lita. Kisha: inavuta tani ngapi? Yangu ni 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo, yenye nguvu za farasi 90 hivi ilipokuwa mpya. Kwenye tambarare, kwa gia ya kwanza, injini hii itakiburuta karibu chochote utakachokifunga nyuma yake. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Gari kuondoka na mzigo ni jambo dogo. Kazi iko kwenye kuusimamisha mzigo huo, na kwenye kulitoa joto linalozalishwa njiani.

Tufanye hesabu ya tela langu. Chuma chake ni kilo 300 hivi. Tangi la lita 1,000 likijaa maji linaongeza kilo 1,000, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Jumla tani 1.3. Ongeza gari lenyewe pamoja na mimi na msaidizi wangu, tunakaribia tani tatu. Breki zinapolisimamisha gari zinaugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo linakua kufuata uzito, lakini kufuata spidi linakua maradufu ya maradufu: spidi ikiwa mara mbili, joto ni mara nne. Ndiyo maana tani tatu kwenye spidi ya 80 zinazipa breki karibu mara mbili ya kazi ya pikapu peke yake kwenye spidi hiyohiyo. Lakini tani hizohizo tatu kwenye spidi ya 50 zinazipa breki kazi ndogo kuliko pikapu isiyo na tela kwenye 80. Hakuna spea utakayoinunua Kariakoo itakayokupa nafuu kubwa kama hiyo, nayo haina gharama isipokuwa dakika kumi na tano za safari.

Mteremko ni habari nyingine. Ukiziteremsha tani tatu mita 100 kwa kimo, bila kuongeza spidi hata kidogo, lazima kitu fulani kiimeze nishati inayolingana na kulisimamisha gari hilo mara nne kutoka spidi ya 80. Kama si injini, ni breki. Nilijifunza hili kwenye mteremko wa msitu wa Pugu, nikitoka Kisarawe ninakofugia kuku. Napandisha maji, nashusha magunia ya mbolea ya kuku kwa wenye bustani za mboga. Ilikuwa Januari, mchana, jua kali, tela limejaa. Nilishuka kwa gia ya nne huku mguu umegusa breki tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kujiona mwangalifu. Kwanza ilikuja harufu, kali, kama ya plastiki iliyoungua. Kisha pedali, ambayo siku zote inakamata ikiwa nusu, ikaanza kuzama. Nikaipampu mara mbili, ikarudi juu kidogo, ikazama tena. Msaidizi wangu alishika dashibodi kwa mikono miwili na hakusema neno. Nikaingiza ya tatu, injini ikapiga kelele, nikaingiza ya pili, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, tukafika tambarare tukiwa bado barabarani. Nilipofungua mlango, tairi la mbele kushoto lilikuwa linatoa moshi.

Kilichotokea kina maelezo mepesi. Mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewani, na Dar ni mji wa unyevu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanaanza kuchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishakunywa maji ya kutosha, kiwango chake cha chini kinashuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakishachoka. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Ukikanyaga, unabonyeza hewa badala ya kusukuma breki. Yakipoa, pedali inarudi kama kawaida, na fundi akikagua siku ya pili hakuti kitu. Kuongezea mafuta mapya juu ya yale ya zamani hakutibu chochote. Yanatakiwa kumwagwa yote na kutolewa hewa gurudumu moja baada ya jingine, kila baada ya miaka miwili, hata kama gari linasimama vizuri.

Dawa ya mteremko wenyewe madereva wa malori wanaijua: shuka kwa gia uliyopandia. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, spidi ishuke, kisha achia zipumue. Na tabia ya kuweka frii kwenye mteremko ili kuokoa mafuta inapaswa kuachwa kabisa. Dizeli ya pampu ya kimakanika, ikiwa kwenye gia nawe umeondoa mguu kwenye akselereta, pampu yenyewe inakata mafuta. Ukiwa frii injini inaendelea kunywa ili ijizungushe, kwa hiyo hicho kinachookolewa hakipo.

Kuna sababu nyingine ya kuiogopa frii kwenye injini hizi. Wepesi wa pedali ya breki unatokana na pampu ndogo ya kufyonza hewa, ambayo kwenye injini za aina ya L imefungwa nyuma ya alteneta na inazungushwa pamoja nayo. Injini ikizimika, au feni belti ikikatika, taa ya chaji inawaka na wengi wanafikiria betri. Wafikirie breki. Zitabaki na mikanyago miwili au mitatu laini, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini kupitia hosi nyembamba, kwa hiyo ukimpelekea fundi umeme alteneta akakurudishia bila kuikagua pampu, au akaifunga hosi vibaya, umechezea breki bila kujua. Kuipima ni rahisi. Zima injini, kanyaga breki mara tano hivi mpaka pedali iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa. Ikishuka kidogo yenyewe, pampu na buluni lake, lile kopo la duara linaloisaidia pedali, vinafanya kazi. Isiposhuka, usifunge tela siku hiyo.

Gari kuchemsha

Themostati ndicho kifaa kinachoonewa kuliko vyote. Gari likichemsha, fundi anakitoa, anakwambia, "Nchi yetu ya joto, hiki ni cha Wazungu." Nimeisikia kauli hiyo zaidi ya mara tano, na kila aliyeisema alikuwa na nia njema. Lakini themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi peke yake. Kwenye injini nyingi za Toyota ina sahani mbili. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu, sahani ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo ile ya chini inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Mjini, bila mzigo, hutaona tofauti, tena geji itashuka na utamshukuru fundi. Panda Pugu na tela, sehemu ya maji inazunguka humohumo ndani ikiwa ya moto, na rejeta haiyapati yote. Gari linachemsha kwa sababu ya dawa ya kuchemsha.

Mfuniko wa rejeta nao una kazi yake. Ule ulioandikwa 0.9 unashikilia presha inayofanya maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 118 badala ya 100. Mpira wake ukikakamaa, umepoteza nyuzi zote hizo, na ni kitu cha bei ndogo ambacho watu huhangaika mwezi mzima kabla ya kukibadilisha. Feni nayo ina klachi yenye mafuta mazito ya silikoni; ikichoka, feni inazunguka kwa uvivu. Zima injini ikiwa ya moto sana na uitazame: feni nzima inasimama mara moja, iliyochoka inaendelea kujizungukia.

La kukumbukwa zaidi ni hili: geji ya joto inasoma maji, haisomi chuma. Hosi ikipasuka na maji yakamwagika yote, kihisio kinabaki hewani na mshale unaweza kushuka. Mshale ulioshuka ghafla katikati ya mlima si habari njema. Simama. Silinda hedi za 3L zinajulikana kwa kupasuka zikipata joto kupita kiasi, na anayeendelea kwa sababu geji imetulia ndiye anayenunua hedi. Akishasimama, asifungue rejeta wala asiimwagie maji ya baridi; asubiri. Na maji ya bomba au ya kisima yanafaa kumfikisha mtu nyumbani, si kukaa humo mwaka mzima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inakula rejeta na njia za maji ndani ya injini. Weka kulanti, maji maalumu ya rejeta.

Mkanda wa taiming utaeleweka kwa maneno machache. Kwenye 2L, 3L na 5L unabadilishwa kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT inawaka ikifika hapo. Lakini taa hiyo inahesabu kutokana na mita ya kilomita. Kebo ya mita ikikatika, na pikapu ngapi mjini hapa zina mita zilizokufa, taa haitawaka kamwe. Mkanda ukikatika, pistoni na valvu zinagongana. Kama umenunua gari kwa mtu na hujui mkanda una umri gani, ubadilishe wiki hiyohiyo, pamoja na beringi yake ya kukazia.

Tela lenyewe

Uzito wa tela unagawanyika sehemu mbili: ule unaobebwa na magurudumu yake, na ule unaolalia gari kwenye chuma cha kuvutia. Huu wa pili ndio unaoamua kama tela litafuata au litacheza. Kwa tela la kawaida la ekseli moja, kanuni inayotumika sana ni asilimia 10 hivi ya uzito wote, isizidi 15. Kwa tani 1.3 ni kilo 130. Ukipakia nyuma zaidi, shingo ya tela inakuwa nyepesi, inalinyanyua gari, na ukifika spidi ya 70 au upepo wa basi ukikupitia, tela linaanza kuyumba kulia na kushoto, kila mara zaidi ya mara iliyopita. Likianza, usikanyage breki kwa nguvu wala usiongeze mafuta ulikimbie. Toa mguu kwenye akselereta, shika usukani unyooke, acha spidi ife yenyewe.

Ukizidisha mbele, unapata tatizo lingine. Kichwa cha kuvutia kiko nyuma ya ekseli, mita 1.2 hivi kwenye gari langu, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2.85. Ni mzani. Kilo 130 zilizoning'inia hapo zinaongeza kilo 185 kwenye ekseli ya nyuma, na zinaondoa kilo 55 kwenye ya mbele, ile inayogeuza na inayofanya kazi kubwa ya breki. Ukiweka kilo 300, usukani unakuwa mwepesi mkononi kama gari limesimama kwenye utelezi. Kupima si lazima mzani wa kisasa. Mimi huweka mzani wa jukwaa, ule wa kupimia magunia, chini ya gurudumu dogo la shingo, gari likiwa pembeni na tela limelala sawa.

Maji yana ubaya wake wa pekee. Tangi lililojaa limetulia. Tangi la nusu linakimbia. Ukifunga breki, kilo 500 zinakwenda mbele, zinagonga ukuta, zinarudi nyuma, na mara shingo ni nzito mara ni nyepesi. Kwenye kona zinakwenda upande wa nje hasa pale unapotaka zikae. Ndiyo maana matangi ya malori ya mafuta yana kuta za ndani zenye matundu. Simtanki haina. Kwa hiyo ijaze au iache tupu, na kama umeuza nusu njiani, endesha taratibu kuliko ulipokuwa umejaza.

Kwenye kifungio, pima kichwa cha mviringo na mdomo wa tela kabla ya kuvikutanisha. Vingi ni milimita 50, lakini viko vya inchi moja na saba ya nane, karibu milimita 47.6, vinavyoingia vizuri kwenye mdomo wa 50 na vikatoka kwenye tuta la kwanza. Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chesisi kwa bolti, si kuchomelewa kwenye bampa. Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya shingo kama herufi X, ili kifungio kikiachia, shingo iangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Breki za tela ni jambo ninalolisisitiza sana. Nchi nyingi za Ulaya haziruhusu tela lisilo na breki zake lizidi kilo 750, na sababu ni hesabu ileile ya tani tatu. Matela mengi madogo yanayochomelewa mtaani hayana breki kabisa. Langu halikuwa nazo. Baada ya ile siku ya Pugu nilimlipa fundi alifungie dramu na kifungio kinachozikaza tela linapolisukuma gari, na hiyo ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote nilizotumia kwenye gari hili.

Matairi yanasomeka ubavuni. Lile la 185R14C lililoandikwa 102 linabeba kilo 850. La gari dogo lenye namba 91 linabeba kilo 615. Yote mawili yanaweza kuonekana sawa kwa macho, na kwa ekseli nzima tofauti yake ni kilo 470. Kwenye mitumba ya matairi soma na zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata nene haimaanishi mpira mzima.

Beringi za tela zinasahaulika kwa sababu hazipigi kelele mpaka zimekwisha. Baada ya kilomita 20 hivi mimi husimama pembeni na kugusa habu kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa moja ni ya moto kuliko mwenzake, grisi imekwisha au imekazwa mno. Wanaoshusha boti Kunduchi na Msasani wana shida yao hapa: habu ikiwa ya moto ukaitumbukiza baharini, hewa ya ndani inasinyaa na kuyavuta maji ya chumvi kupita kwenye sili. Ukifika ufukweni, piga stori kwanza nusu saa, habu zipoe. Chumvi hiyohiyo inakula mabomba ya breki ya chuma yanayopita pembeni mwa chesisi, na pikapu zinazobeba samaki na barafu kutoka Feri huoza kuanzia chini ya bodi, pale maji yanapodondokea kila siku. Kabla ya kununua pikapu iliyofanya kazi hiyo, chukua nyundo ndogo uigonge chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, usikilize. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kopo lenye mchanga.

Jirani akiita

Mwenye pikapu mtaani ndiye gari la msaada la mtaa mzima. Siwezi kumkatalia jirani, lakini siku hizi nauliza gari gani kabla ya kutoka. La gia za mkono, liwekwe frii, ufunguo uwe umewashwa ili usukani usijifunge, twende. La otomatiki ni tofauti: pampu inayolainisha giaboksi inazungushwa na injini, na injini imezimika, kwa hiyo magurudumu yakizunguka giaboksi inajisaga kavu. IST ya kawaida inavutia mbele, basi magurudumu ya mbele yanyanyuliwe. Forester, au lolote ambalo magurudumu manne yanavuta muda wote, linatakiwa lipande juu ya lori. Kamba ya manila yenye kunyumbuka ni bora kuliko mnyororo, ambao unapokea mshtuko wote na kuupeleka kwenye ndoano. Na gari likinasa kwenye matope ya masika, kamba isifungwe kwenye kichwa cha mviringo cha tela. Kikikatika kinaruka kama risasi. Ifungwe kwenye ndoano ya chesisi, na watu wote wasogee mbali, zaidi ya urefu wa kamba.

Mwezi uliopita nilimvuta dada mmoja jirani yetu kutoka Vingunguti. Gari lake lilikuwa la gia za mkono, alteneta imekufa, betri haina kitu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvutwa. Nilimwonyesha kwanza kwamba pedali ya breki itakuwa ngumu na usukani mzito, akanyage kwa mguu wote, asishtuke. Tukakubaliana nikitoa mkono nje ajue nasimama, na yeye akipiga honi mara mbili nisimame. Kisha nikamweleza jambo ambalo wengi hawaambiwi.

"Dada, mimi nikipunguza mwendo, wewe ndiye unayefunga breki. Kamba isilegee hata mara moja."

Anayevutwa akifunga breki mapema, kamba inabaki imekazwa, gari la mbele linaondoka bila kuinyaka, na haikatiki. Tulifika kwake Kiwalani kwa spidi ya 25, taa za hatari zikiwaka kwenye gari langu peke yake, na kamba haikugusa lami.